Tukishakula, Turudi Kwenye Kitabu

Mhadhara kwa wazazi na walezi, Tanga

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na walezi, bibi na babu mliokuja na wajukuu zenu: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Nashukuru sana kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kuona akina baba safu ya mbele.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya kuwajengea watoto tabia ya kusoma nyumbani. Nitazungumza, ila njia yangu leo inapitia jikoni. Chukueni kitabu kimoja cha picha, chenye kurasa chache, mkisome na mtoto. Kisha pikeni pamoja kitu kidogo kinachohusiana na hadithi ile. Halafu, na hapa ndipo nitakapokazania, mkishakula mkirudie kitabu kile kile. Wengi wanaojaribu jambo hili hufanya vizuri yale mawili ya mwanzo. Wanasoma, wanapika, watoto wanafurahi, vyombo vinaoshwa, basi. Kitabu kinarudi kabatini. Mimi ni mwalimu wa watoto wa awali, na kwa niliyoyaona darasani nasema kwamba faida kubwa ipo katika usomaji ule wa baada ya kula.

Nianze na ndizi. Ursula Nafula, mwandishi wa Kenya, ameandika hadithi ya picha inayosimuliwa na msichana mdogo. Bibi yake ana shamba lenye mtama, ulezi na mihogo, lakini vyote hivyo havifikii ndizi zake. Bibi ana wajukuu wengi, na msichana huyu anaamini moyoni kwamba yeye ndiye kipenzi. Pamoja na mapenzi yote hayo, bibi ana siri moja asiyomwambia: mahali anapovundikia ndizi. Msichana anaona kikapu kikubwa, anaona majani ya mgomba, anauliza, hajibiwi sawasawa. Akishagundua, anachukua ndizi moja, anaificha ndani ya gauni, anakwenda kuila nyuma ya nyumba upesi upesi. Hajawahi kula ndizi tamu kama ile. Kesho yake anachukua nne. Akinyatia kutoka, anamsikia bibi akikohoa nje. Siku inayofuata ni siku ya soko, bibi anaamka mapema kupeleka ndizi zake, na jioni msichana anaitwa mbele ya baba, mama na bibi. Anajua anaitiwa nini.

Hadithi hii haihitaji hata kuwasha jiko. Nunueni chane mbili za ndizi mbichi zilizokomaa, kisukari zinafaa sana. Someni hadithi siku hiyo hiyo. Kisha mpeni mtoto kikapu au tenga, majani makavu ya mgomba, na kipande cha kanga kuukuu au gunia. Apange chane moja ndani, aifunike, aisukumie pembeni penye joto. Chane ya pili iacheni wazi, juu ya meza. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, afunue, anuse, aguse, alinganishe zile za kikapuni na zile za mezani. Mkiwa na karatasi na rangi, achore ndizi mbili kila siku, moja ya kikapuni na moja ya mezani, na kila moja aipake rangi aliyoiona.

Atawauliza kwa nini za kikapuni zinatangulia. Mwambieni ukweli, watoto wanapenda ukweli. Ndizi iliyokomaa hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoiamuru ndizi iive. Mezani gesi inapotea na upepo. Kikapuni, chini ya majani, inabaki pale pale, joto nalo linasaidia, na wanga uliomo ndani ya ndizi unageuka sukari. Bibi zetu hawakulijua jina la gesi hiyo, lakini kazi yake waliijua vizuri kabisa, ndiyo maana wakafunika.

Sasa zikishaiva, kuleni. Mkimaliza, rudini kwenye kitabu.

Darasani kwangu tulipoisoma hadithi hii mara ya kwanza niliwauliza watoto: bibi alijuaje kwamba ameibiwa? Wakajibu wanavyojibu siku zote. Bibi anajua kila kitu. Bibi aliambiwa na Mungu. Nikanyamaza, tukavundika. Siku ndizi zilipoiva tukala, tukafungua kitabu tena, nikauliza swali lile lile. Mtoto wa miaka sita akaweka kidole kwenye picha ya kikapu akasema, "Mwalimu, hakuyarudisha majani vizuri. Ukishafunua, hayalali tena vile bibi alivyoyalaza." Mwenzake akadakia, "Na ukifunua, harufu inatoka mpaka nje."

Wazazi wangu, maneno hayo hayamo kitabuni. Mwandishi hakuandika kwamba majani yalikaa upande, wala hakuandika habari ya harufu kumfikia bibi nje. Watoto wale walijaza wenyewe pengo aliloliacha mwandishi, na walilijaza kwa kitu walichokishika kwa mikono yao. Kuelewa habari unayoisoma ndiko huko. Tunawafundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ile KKK ya darasa la kwanza na la pili, na mara nyingi tunaridhika mtoto akiweza kutamka silabi zote bila kukwama. Lakini kutamka ni mlango tu. Mtoto aliyevundika ndizi akirudi kwenye ukurasa ule ana la kuuambia, na hapo ndipo usomaji unapoanza kumnogea.

Kwa hiyo usomaji wa kwanza mtamsomea nyie, na ni haki yake asikilize tu. Usomaji wa baada ya kula mwachieni yeye. Hata kama hajui herufi hata moja, ashike kitabu, afunue kurasa, asimulie. Msimkatize kumsahihisha. Akiruka ukurasa, aruke. Akiongeza vitu vya nyumbani kwenu, sikilizeni kwa makini zaidi, maana hapo anafikiri.

Kitabu cha pili ninachokipenda ni *Handa's Surprise* cha Eileen Browne wa Uingereza, kilichotoka mwaka 1994. Kimesambaa duniani, na kipo hata kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja. Kinatuhusu kwa sababu hadithi yenyewe iko kwa Wajaluo wa Kenya. Handa anaweka matunda saba kwenye kikapu ampelekee rafiki yake Akeyo, anajitwika, anaondoka. Njiani wanyama wanamwibia moja moja bila yeye kujua. Tumbili anachukua ndizi, mbuni anachukua pera, pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, na kasuku anamalizia na pasheni. Kikapu kimekuwa kitupu, na Handa anatembea tu akiwaza Akeyo atapenda tunda gani. Ndipo mbuzi aliyekatika kamba anakuja mbio, anaupiga kumbo mchenza, na machenza yanamiminika kikapuni. Akeyo anafurahi, kwani machenza ndiyo ayapendayo kuliko matunda yote. Anayeshangaa ni Handa.

Watoto wanakipenda kitabu hiki kwa sababu wao wanaona kila kitu na Handa haoni kitu. Maneno ya kitabu hayasemi lolote juu ya wizi, picha ndizo zinazosema. Mtoto wa miaka minne anajikuta anajua zaidi ya mhusika, na pengine zaidi ya mama yake anayesoma maandishi bila kutazama pembeni.

Na matunda yote hayo, wana Tanga, tunayo. Nendeni soko la Mgandini msimu ukiwa mzuri mtayapata yote, na machungwa ya Muheza hatuhitaji kuyasifia. Msilazimishe saba kama mfuko hauruhusu, hata manne yanatosha. Jitwikeni kikapu nyie wazazi, tembeeni uani polepole, na mtoto awe tumbili, awe tembo, awe twiga, achukue moja moja kwa kufuata mpangilio wa hadithi. Baba akifanya hivi mtoto atacheka mpaka akae chini. Kisha osheni matunda, menyeni, kateni, changanyeni kwenye bakuli, kamulieni chungwa juu yake. Mtoto mdogo anaweza kumenya ndizi na chenza, na kukata parachichi au ndizi mbivu kwa mgongo wa kijiko. Nanasi na embe ni za mkubwa mwenye kisu.

Mkirudi kwenye kitabu, mwambieni asimulie wanyama kwa mpangilio. Wengi watakosea swala na twiga. Mwacheni afunue arudi nyuma kuhakikisha. Kurudi nyuma kutafuta jibu kwenye ukurasa ni jambo ambalo wanafunzi wengi wakubwa hawalijui, nanyi mtakuwa mmemfundisha akiwa na juisi ya chungwa kidevuni.

Kuna mchoraji wetu wa Tanzania, John Kilaka, anayechora kwa mtindo wa Tingatinga. Ana kitabu kuhusu mti wa ajabu. Wanyama wana njaa, mti umejaa matunda mabivu, lakini tunda halianguki mpaka mti uitwe kwa jina lake. Tembo na wenzake wakubwa wanakwenda kwa kobe kuuliza jina, wakirudi njiani wanalisahau. Sungura, waliyemdharau kwa udogo wake, ndiye anayelifikisha. Kwa hadithi hii mchezo wake ni mwepisi: mfungeni mtoto macho kwa kitambaa, mlisheni kipande cha tunda, na hapati kipande kingine mpaka alitaje jina. Badilishaneni, naye awafunge nyie. Sitakaa sana hapo, mtayagundua mengine wenyewe.

Sasa niseme la watoto wa kiume, maana najua linatokea. Mwandishi wa Kenya Humphreys Odunga ana hadithi fupi sana ya kijana anayeitwa Tom, muuza ndizi. Tom anajitwika sinia la ndizi mbivu, anakwenda sokoni. Watu wananunua matunda, ila za Tom hazinunuliwi. Wanasema katika jamii yetu wauzao matunda ni wanawake, huyu ni mwanamume wa namna gani? Tom hakati tamaa. Anaita: nunueni ndizi zangu, nunueni ndizi zangu mbivu tamu! Mama mmoja anazitazama, anazipenda, ananunua. Wengine wanafuata. Sinia linaisha. Tom anahesabu pesa zake, ananunua sabuni, sukari na mkate, anajitwika sinia, anarudi nyumbani.

Basi. Ni hadithi ya kurasa chache na sentensi fupi fupi, mtoto wa darasa la kwanza anaisoma peke yake. Lakini tazameni uzito wake. Nimeshaambiwa na bibi mmoja, kwa heshima zote, kwamba mvulana akizoea jiko ataharibika. Nami nikamuuliza kwa adabu: bibi, kwenye harusi zetu hapa pwani, pilau la masufuria makubwa anapika nani? Ni wanaume. Chipsi mayai za jioni anakaanga nani? Vijana wa kiume. Mishikaki je? Kwa hiyo wavulana wetu wanaliona jiko kila siku barabarani na harusini, ila nyumbani tunawafukuza. Samaki mkunje angali mbichi. Mvulana wa miaka mitano hajui bado kwamba kumenya ndizi ni kazi ya mtu fulani, na akimsoma Tom akiwa katika umri huo atamwelewa.

Hadithi ya Tom mimi huiambatanisha na ndizi mbivu za nazi, zile tunazozila sana futari wakati wa Ramadhani. Tafuteni mkono wa tembo au mzuzu zilizoiva vizuri. Mtoto amenye, na hiyo ni kazi ya kumridhisha kabisa. Mwenye miaka sita au saba akune nazi akiwa amekaa vizuri kwenye mbuzi na mkubwa akiwa pembeni, ama akamue chicha kama mmekuna nyie. Atie maji ya uvuguvugu, akamue, achuje kwenye kifumbu. Tui zito liwekeni kando, tui jepesi ndilo la kuchemshia ndizi. Iliki aitwange mwenyewe kwenye kinu kidogo. Ndizi zikilainika, mkubwa ndiye anayetia tui zito, sukari kidogo na chembe ya chumvi, akikoroga taratibu tui lisikatike, na likishachemka kidogo aepue.

Hesabuni maneno aliyoyasikia mtoto katika kazi hiyo moja: kumenya, kukuna, kukamua, kuchuja, kutwanga, kukoroga, kuepua, kupakua. Mtoto anayeletewa chakula kimeshaiva mezani anajua neno kula, na pengine kupika. Nasikitika sana nikikutana na mtoto wa mjini, Mswahili wa kuzaliwa, hajui tofauti ya kuchambua na kupepeta. Maneno haya anayahitaji kwa hadithi zote atakazosoma baadaye, na hayapatikani kwa kukariri.

Na baada ya kula, Tom anarudi. Muulizeni mtoto: Tom alipata shilingi ngapi? Kitabu hakisemi. Basi pangeni nyie. Kila ndizi shilingi mia mbili, alikuwa na ndizi ishirini, sukari bei gani, mkate bei gani, itabaki chenji? Mwenye miaka minane atahesabu kwa kalamu, mwenye mitano atahesabu kwa maharage.

Wengi mtasema, Mwalimu, muda uko wapi? Mama anarudi saa kumi na mbili, moto haujawashwa, watoto wana njaa, halafu unaniletea habari ya kitabu. Nimekuelewa, mama. Sikiliza hili. Mapishi yetu yamejaa kusubiri. Mandazi yanasubiri yaumuke. Mchele wa vitumbua unalowekwa usiku kucha. Maharage yanachukua saa nzima na zaidi jikoni. Unga wa chapati ukishakandwa unataka kupumzika. Wakati huo wote tunafanya nini? Tunashika simu, na mtoto naye anaomba simu. Kitabu kiingie hapo, kwenye dakika za kusubiri ambazo tayari unazo.

Kuna kitabu kiitwacho *Mama Panya's Pancakes*, cha Mary na Rich Chamberlin, kilichotoka mwaka 2005, na mandhari yake ni kijiji cha Kenya. Mama Panya anakwenda sokoni na mwanawe Adika kununua mahitaji ya chapati. Ana sarafu chache. Adika, kwa furaha yake, kila anayekutana naye njiani anamkaribisha chakula cha jioni. Mama anahesabu kichwani unga wake na hofu inampanda. Jioni wageni wanafika kweli, lakini hakuna anayekuja mikono mitupu. Wa vibuyu vya maziwa, wa siagi, wa ndizi, wa samaki. Mzazi yeyote aliyewahi kuona mwanawe akialika wenzake na huku sufuria ni dogo ataisoma hadithi hii akiguna.

Chapati zenyewe kwetu ni chapati za maji. Unga wa ngano vikombe viwili, yai moja, chumvi kidogo, sukari vijiko viwili, iliki, na maji au maziwa kama vikombe viwili, mkiongeza kidogo kidogo mpaka uji wake umiminike vizuri kutoka kwenye upawa. Mtoto apime, apasue yai kwenye bakuli la pembeni (ganda litaingia, mwacheni alitoe), akoroge mpaka madonge yaishe. Kisha funikeni, muache kama nusu saa. Nusu saa hiyo inatosha kabisa kumsoma Mama Panya bila haraka, mkasimama kwenye picha za soko. Mkubwa ndiye wa kikaangio. Mtoto akae mbali kidogo, atazame vishimo vinavyotokea juu, na yeye ndiye aseme, "Geuza!"

Siku ya chapati karibisheni mtoto wa jirani. Msimwambie mtoto wenu sababu. Mkirudi kwenye kitabu mtaona kama ataiona mwenyewe.

Vitabu vya mbali navyo msivitupe. Mtu anaweza kuletewa na ndugu yake aliyeko Uingereza au Marekani kile cha kiwavi mlafi cha Eric Carle, cha mwaka 1969, ambamo kiwavi anakula tufaha moja Jumatatu, mapeasi mawili Jumanne, na kuendelea mpaka machungwa matano Ijumaa. Tufaha hizo kwetu ni ghali, na plamu watoto wengi hawajaziona. Msihangaike kuzitafuta. Chukueni karatasi tatu, zikunjeni katikati, zishoneni kwa uzi, mtengeneze kiwavi wenu wa Tanga. Jumatatu embe moja, Jumanne mapera mawili, Jumatano machenza matatu. Mtoto achore, nyie mwandike anachosema kama anavyokisema. Kisha pangeni matunda hayo kwenye sahani kwa hesabu ile ile, ale akisoma kitabu alichokitunga. Mimi nasema wazi kwamba kitabu hicho cha karatasi tatu atakisoma mara nyingi kuliko kile cha gharama.

Naomba sasa mnisikilize kwa makini zaidi, maana jiko lina hatari zake. Kwa watoto wadogo, maji ya moto, chai, uji na mafuta yanayochemka huunguza mara nyingi kuliko moto wenyewe, na majiko yetu mengi yako chini, usawa wa kifua cha mtoto. Kabla ya kuwasha, chora mstari wa chaki kuzunguka jiko, hatua kubwa moja kila upande. Ndani ya mstari ni mkubwa tu. Jiko la mkaa lisiwashwe kwenye chumba kilichofungwa, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda, kamwe. Mtoto akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha hospitali. Dawa ya meno, asali, yai, samli, vyote hivyo acheni. Karanga nzima msimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia akakosa pumzi, na karanga zenye ukungu msimpe mtu yeyote. Mikono ioshwe kwa sabuni, na unga mbichi wenye yai usirambwe, hata kama ni mtamu.

Vitabu vinapatikana wapi? Hadithi ya Tom na ile ya ndizi za bibi zipo bure mtandaoni kupitia African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Ina hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu kunakili na kuchapa. StoryWeaver, ya Pratham Books ya India, nayo ina vya Kiswahili. Pakueni kwenye simu mkiwa na bando, mtasoma hata lisipokuwepo. Mkiweza, chapeni steshenari kwa nyeusi na nyeupe, mtoto apake rangi mwenyewe. Na maktaba za mikoa zipo, zina vitabu vya watoto, tuwapeleke.

Kuna mzazi ambaye hajui kusoma na hajaniambia, nami simtaji. Namwambia hivi: kitabu cha picha kimetengenezwa ili hata asiyejua herufi aweze kukisoma. Fungua ukurasa, uliza, "Huyu anafanya nini?" Mtoto atakwambia. Wewe ndiye unayejua kuvundika, kukuna na kuumua. Mtoto akija na herufi, wewe njoo na jiko, na hadithi itakamilika.

Nimepewa muda wa maswali mawili.

Baba ameuliza: mwanangu anataka kupika tu, kitabu anakisukuma. Usimlazimishe kuanza na kitabu. Anzeni na chapati, na wakati unga umepumzika wewe fungua kitabu usome kwa sauti ukimsomea mdogo wake, au hata ujisomee mwenyewe. Atasogea. Akishakula, muulize swali moja tu linalohitaji kutazama picha, kwa mfano Mzee wa samaki alileta samaki wangapi? Atakichukua kitabu mwenyewe.

Na mama aliyenyoosha mkono kule nyuma anasema ana watoto watano wa umri tofauti na kitabu kimoja. Huo ndio mpango mzuri kuliko yote, mama. Mkubwa asome maandishi, anayemfuata afunue kurasa, wa kati apime unga, wadogo wawili wamenye ndizi. Mkishakula, mpe kitabu yule mdogo kabisa awasimulie wakubwa wake, na wao wakae kimya mpaka amalize. Jumamosi hii unaweza kuanza, ndizi mbichi ukizivundika leo jioni zitakuwahi au zitachelewa siku mbili, kutegemea joto la nyumba yako.